Mashauri kwa Wafugaji: Sotoka ya Mbuzi



Ni nani kati yetu asiyejua thamani ya mbuzi? Ng'ombe ni mali ya wachache, lakini mbuzi ni mali ya wengi. Mjane anaye mmoja, amemfunga kwa kamba nyuma ya nyumba. Kijana anao wawili, anawatunza kwa ajili ya mahari. Baba wa watoto anao watano au sita, na kila mwezi wa tisa unapokaribia huwatazama na kuhesabu: huyu ni malipo ya masomo ya mkubwa, yule ni madaftari na sare za wadogo. Mtoto akishikwa na homa usiku, asubuhi mbuzi hupelekwa sokoni. Na katika miaka hii ya vita, ndugu zetu wengi wa Kivu na Ituri wamekimbia wakiacha nyumba na mashamba, wakabaki na kile tu kilichoweza kutembea pamoja nao njiani.

Kwa hiyo twaona yafaa leo kuzungumza juu ya ugonjwa uwezao kumaliza zizi zima kwa muda wa majuma machache. Waganga wa mifugo huuita sotoka ya mbuzi na kondoo. Wazee na wausome ukurasa huu, na wasiojua kusoma wasomewe na watoto wao, kwa maana mara nyingi mtoto ndiye achungaye, naye ndiye wa kwanza kuona kwamba mnyama mmoja amebaki nyuma ya wenzake.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Mbuzi aliyeambukizwa hukaa siku nne, tano au sita bila kuonyesha dalili yoyote. Kisha ghafula homa hupanda hata digrii 40 au 41. Hataki kusimama pamoja na wenzake. Manyoya yake yamesimama, pua imekauka, majani hayamvuti tena. Machozi huanza kutoka, na kamasi nyepesi kama maji. Baada ya siku mbili tatu kamasi ile huwa nzito, ya rangi ya manjano, ikaziba pua. Na matongo hugandisha kope, hata asubuhi mnyama hawezi kufumbua macho.

Ndipo kinywa huanza kuharibika. Mfungueni kinywa mkaangalie. Kwanza ufizi ni mwekundu. Kisha hutokea vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za unga, juu ya ufizi, kwenye kaakaa, ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Vidoa vile huungana. Ngozi laini ya kinywa hufa na kubanduka, na chini yake hubaki kidonda. Kinywa chanuka vibaya, hata mtu aliyesimama mbali kidogo aisikia harufu. Mnyama aona njaa, ayasogelea majani, ayang'ata, kisha ayaacha kwa maumivu.

Baada ya vidonda hufuata kuhara: kwanza kinyesi laini, kisha maji matupu yenye harufu mbaya, pengine yenye damu. Wengi hukohoa na kupumua kwa shida, kwa sababu mapafu nayo yameshikwa. Mbuzi wenye mimba huitupa. Mwili hukauka kwa kupotewa na maji, mnyama hupoa, hulala, na mwisho hufa. Wale waponao hubaki wamekonda kwa majuma mengi. Katika kijiji ambacho hakijapata kuujua ugonjwa huu, karibu wote huugua. Na ukija kwa ukali, katika kila mbuzi kumi wanaougua waweza kufa hata wanane au tisa. Wana-mbuzi walioacha kunyonya hutangulia.

KWA NINI KINYWA NA MATUMBO?

Hapo wanafunzi watauliza: Kwa nini ugonjwa huu upende kinywa na matumbo? Ni swali jema, na jibu lake lafaa kukumbukwa.

Tangu midomo hata mwisho wa utumbo, njia yote ya chakula imefunikwa kwa ndani na ngozi laini yenye unyevu. Ngozi hiyo ina kazi mbili: kuruhusu chakula na maji kuingia mwilini, na kuwazuia adui wasiingie pamoja nacho. Ni kama mlinzi wa mlangoni, ambaye humfungulia mgeni na kumfungia mwizi.

Sasa, kiletacho sotoka ni kirusi, yaani kijidudu kidogo mno, ambacho hata hadubini za shuleni haziwezi kukionyesha. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili, na kuilazimisha ifanye kazi ya kutengeneza virusi vingine, mpaka chembe ile ife. Kirusi cha sotoka hushambulia kwanza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kisha husafiri na damu hata kufika kwenye ile ngozi laini ya kinywa, ya matumbo na ya njia ya pumzi. Huko nako huua chembe, na ngozi yabomoka.

Basi mbuzi apatwa na mabaya mawili kwa mara moja: askari wake wameuawa, na ukuta wake umeanguka. Ndiyo sababu minyoo na vijidudu vya mapafu, ambavyo mnyama mwenye afya huvivumilia siku zote, sasa vyamshinda. Daktari wa mifugo apasuapo mzoga wa mbuzi aliyekufa kwa sotoka, mara nyingi huona alama ndani ya utumbo mpana: michirizi myekundu ya damu, mmoja kando ya mwingine, kama milia ya punda milia.

Akina mama, kuna jambo jingine litakalowasaidia kuelewa. Kirusi cha sotoka ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua. Mkumbukeni mtoto mwenye surua: homa, macho mekundu yenye machozi, kamasi, vidoa vyeupe ndani ya mashavu, kuhara, kisha ugonjwa wa mapafu. Mama aliyemwuguza mtoto wa surua amekwisha kujua nusu ya habari ya sotoka. Lakini msiogope kumgusa mbuzi wenu: sotoka haimpati mtu, wala surua haimpati mbuzi. Undugu wao ni wa ukoo tu, na kila mmoja ana nyumba yake ya kuivunja.

HABARI YA NDUGU YAKE MKUBWA

Wazee wataturudi tusipotaja sotoka ya ng'ombe, kwa maana ndiyo iliyotisha Afrika kuliko magonjwa yote ya mifugo. Mwaka 1887 ilifika Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka India kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Katika Ethiopia ng'ombe karibu wote wakafa. Mashamba yakakosa wa kuyalima, na njaa iliyodumu mpaka 1892 ikaua watu wasiohesabika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika katika nchi za Maziwa Makuu. Katika Rwanda na Burundi waliuita muryamo, na jina hilo bado lakumbukwa. Wamasai waliokuwa matajiri wa ng'ombe walibaki wakiombaomba chakula. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ukafika Rasi ya Tumaini Jema, mwisho wa bara letu. Kusini huko magari yaliyokokotwa na ng'ombe yalisimama barabarani, kwa kuwa wakokotaji wote walikuwa wamekufa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa vilevile.

Wala msidhani kwamba ulikuwa ugonjwa wa Afrika tu. Ulaya iliujua kwa karne nyingi. Mwaka 1920 ng'ombe wa India waliokuwa wakisafirishwa kwenda Brazil walipitishwa katika bandari ya Antwerpen, nchini Ubelgiji, na ugonjwa ukashuka pamoja nao. Hofu iliyoingia Ulaya wakati ule ndiyo iliyosababisha mataifa 28 kupatana, mwaka 1924, kuanzisha huko Paris shirika la kupashana habari za magonjwa ya wanyama. Shirika hilo lingaliko hata leo.

Ushindi, hata hivyo, ulitoka Afrika. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Mwingereza jina lake Walter Plowright pamoja na wenzake walikichukua kirusi cha sotoka, wakakipitisha mara kwa mara katika chembe za figo za ndama, yapata mara 90, mpaka kikapoteza ukali wake. Hakikuweza tena kuugusa mwili kwa ubaya, lakini bado kiliufundisha kujilinda. Hiyo ikawa chanjo, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa ya bei ndogo, na ng'ombe akichanjwa mara moja alilindwa kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

Sikilizeni sasa jambo lenye mafundisho makubwa. Mwaka 1962 nchi zilizozunguka ziwa Chad zilianza kuchanja ng'ombe kwa pamoja, na kazi ikaenea Afrika ya Magharibi, ya Kati na ya Mashariki hata 1976. Ugonjwa ukawa karibu kutoweka. Basi watu wakadhani kazi imekwisha, wakalegea, fedha zikapelekwa kwingine. Lakini moto ulikuwa umebaki chini ya majivu katika pembe chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukalipuka tena, ukazifagia nchi nyingi kutoka Magharibi hata Mashariki, na ng'ombe wakafa kwa maelfu na maelfu.

Ikabidi kuanza upya. Safari hii ilipatikana chanjo iliyoweza kukaa mwezi mzima bila barafu, na wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja mahali ambapo gari la daktari halifiki, kama vile nchi ya Waafar katika Ethiopia, Karamoja, na Sudan ya kusini. Mwaka 2001 ugonjwa ulionekana kwa mara ya mwisho, katika nyati wa mbuga ya Meru nchini Kenya. Wakangoja miaka kumi, wakichunguza damu za wanyama kila mahali. Ndipo mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe haipo tena. Kabla yake ulikuwa umekwisha kushindwa ugonjwa mmoja tu kwa namna hiyo, nao ni ndui ya watu.

SOTOKA YA MBUZI HAPA KWETU

Ndugu mkubwa amezikwa, lakini mdogo yu hai. Sotoka ya mbuzi iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 katika nchi ya Côte d'Ivoire. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa Afrika ya Magharibi. Lakini ilitembea. Mwaka 2006 ilishambulia Turkana nchini Kenya; mwaka 2007 ilithibitishwa nchini Uganda; mwaka 2008 kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2012 iliwaka katika nchi yetu ya Kongo, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa mbiu kwamba mbuzi milioni moja na kondoo 600,000 wamo hatarini. Burundi, jirani yetu, iliwaka baadaye, kati ya 2017 na 2018. Hata Ulaya haikusalimika: Bulgaria ilipatwa mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa zamu ya Ugiriki na Rumania.

Mwaka 2015 mataifa yalikutana Abidjan, wakaweka nia kwamba kufikia mwaka 2030 sotoka ya mbuzi nayo iwe imefutwa duniani. Yawezekana, kwa maana chanjo yake ipo, tena ni njema. Lakini mapatano ya mataifa hayachanji mbuzi. Mwenye kuchanja ni wewe na mimi, na jirani yetu.

JINSI INAVYOSAFIRI

Kirusi hiki hakipendi jua wala joto. Nje ya mwili wa mnyama hakidumu muda mrefu. Basi husafiri namna gani? Husafiri na mbuzi mwenyewe. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, matone madogo humfikia aliye karibu. Machozi yake, kamasi, mate na kinyesi vimejaa kirusi. Wakila katika chombo kimoja na kunywa maji mamoja, wamekwisha kugawana ugonjwa. Na lililo baya zaidi ni hili: mbuzi huanza kuambukiza wengine mapema, wakati bado anatembea na hajaonekana mgonjwa sana.

Tuseme kuna baba mmoja mwenye mbuzi saba. Siku ya soko amwona mbuzi jike mzuri, kwa bei iliyo chini kuliko ya siku zote. Afurahi, amnunua, amleta nyumbani na kumwingiza jioni ile ile pamoja na wale saba. Siku ya tano mgeni atoka machozi. «Ni vumbi la njiani,» asema baba. Siku ya nane ananuka kinywa na kuhara. Siku ya kumi na moja wenyeji watatu wana homa. Hapo baba aogopa, naye afikiri hivi: «Nikingoja, watakufa wote bure. Heri niwauze hawa wanne ambao bado wazima.» Kesho yake awapeleka sokoni. Mmoja anunuliwa na mtu wa ng'ambo ya mto, mwingine na mtu wa kijiji cha juu, wawili wapakiwa katika mtumbwi. Kwa siku moja ugonjwa uliokuwa katika zizi moja umepanda njia tatu. Majuma matatu baadaye baba yule hana mbuzi hata mmoja, wala wale walionunua kwake.

Hatusemi kwamba baba huyo ni mtu mbaya. Twajua vema shida iliyomsukuma. Mbuzi wale walikuwa malipo ya masomo ya watoto wake, naye aliona fedha ile inakufa mbele ya macho yake. Lakini tupime jambo hili kwa haki. Yule mtu wa ng'ambo ya mto naye ana watoto, nao wana masomo. Aliyeuza mbuzi mwenye homa hakuuza mbuzi. Aliuza hasara, akapokea fedha ya mwenzake. Tena hasara ile yaweza kurudi kwake, kwa maana jirani wakifilisika, mwaka utakaofuata hatapata mahali pa kununua mbuzi wa kuanzia upya.

MSICHANGANYE MAGONJWA

Si kila kidonda cha kinywa ni sotoka. Liko gonjwa la miguu na midomo, ambalo hupenda zaidi ng'ombe na nguruwe, ingawa mbuzi na kondoo nao huambukizwa. Malengelenge hutokea kinywani, lakini pia katikati ya kwato, na mnyama huchechemea. Wakubwa mara nyingi hupona, ijapokuwa maziwa hupungua. Ndama ndio hufa kwa kuharibika moyo. Kirusi chake ndicho cha kwanza kabisa cha wanyama kujulikana: mwaka 1898 Wajerumani wawili, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walionyesha kwamba maji ya malengelenge yaliyochujwa kwa chujio lisilopitisha kijidudu chochote kilichojulikana wakati ule bado yaliweza kuleta ugonjwa.

Upo pia upele wa midomo ya mbuzi, wenye magamba manene juu ya midomo kwa nje. Huo hauleti kuhara, lakini waweza kumpata mtu mikononi, kwa hiyo mwenye kumshika mgonjwa anawe vema. Iko homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo huleta kikohozi kikali bila vidonda vya kinywa. Na minyoo huleta kuhara bila homa kali wala vidonda. Mkiona mambo matatu pamoja, yaani homa yenye machozi na kamasi, vidonda vya kinywa, na kuhara, tena kwa mbuzi wengi kwa wakati mmoja, fikirini sotoka kwanza. Kuthibitisha ni kazi ya maabara.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mnyama mgeni asiingie zizini siku ile ile. Afungwe mbali, ale na kunywa peke yake kwa majuma matatu. Awe amenunuliwa, amepewa kama mahari, au amerudi sokoni bila kupata mnunuzi, sheria ni moja. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, nao hawakukosa.

Pili, mkiona dalili, mtengeni mgonjwa mara, na amwangalie mtu mmoja tu, ambaye hawashiki wazima bila kunawa na kubadili nguo. Mpelekeeni habari daktari wa mifugo au mkubwa wa kijiji siku hiyo hiyo. Msifiche. Ugonjwa uliofichwa hula kijiji kizima.

Tatu, msiuze, msihamishe, msitoe zawadi. Zizi likiugua, mbuzi wote wa zizi hilo wabaki mahali pao, hata wanaoonekana wazima.

Nne, mwuguzeni mgonjwa. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo, na mwenye kuwauzia dawa hiyo sokoni awadanganya. Lakini daktari aweza kutoa dawa ya kuzuia vijidudu vya mapafu vinavyofuata nyuma. Ninyi mpeni maji safi yenye chumvi kidogo na sukari, kidogo kidogo na mara nyingi. Mpeni majani laini au uji mwepesi. Safisheni macho, pua na kinywa kwa maji yenye chumvi. Wako waokokao kwa uangalizi huo.

Tano, aliyekufa afukiwe chini sana, mbali na maji, na mbwa wasimfukue. Ni kweli kwamba sotoka haimdhuru mtu. Lakini mnyama aliyekufa mwenyewe si chakula, kwa maana mwenye zizi hawezi kujua kwa macho kama hakuwa na ugonjwa mwingine, kama vile kimeta, ambacho humwua mtu pia.

Sita, na hili ndilo kubwa: mchanjeni mbuzi akiwa bado mzima. Chanjo itumikayo zaidi ilitokana na kirusi kilichopatikana katika mbuzi wa Nigeria mwaka 1975. Mbuzi akichanjwa mara moja hulindwa kwa muda wa miaka mitatu au zaidi. Haidhuru mbuzi mwenye mimba. Mwana-mbuzi wa mama aliyechanjwa hulindwa na maziwa ya kwanza ya mama yake. Achanjwe afikishapo miezi minne hivi. Na kwa kuwa kila mwaka huzaliwa wapya, kila mwaka kuna wa kuchanjwa.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Mmoja atasema: «Nilichanja, na mbuzi wangu wakafa.» Yaweza kuwa. Chanjo hii huharibiwa na joto; ikikaa siku kutwa mfukoni mwa mtu au juu ya pikipiki bila barafu, hugeuka kuwa maji tu. Kwa hiyo mwulizeni mchanjaji aliitunzaje, na asiwe na hasira kuulizwa. Pia mbuzi aliyekwisha kuambukizwa jana, chanjo ya leo haimwokoi.

Mwingine atasema: «Mbuzi wangu ni wawili tu, daktari hatakuja kwa ajili ya wawili.» Kweli kabisa. Chupa moja ya chanjo mara nyingi huwa na kipimo cha mbuzi hamsini au mia, nayo ikichanganywa na maji yake haiwekwi mpaka kesho. Kumwita daktari kwa mbuzi wawili ni kumwaga karibu chupa nzima. Lakini nyumba ishirini zenye mbuzi watatu watatu ni mbuzi sitini. Andikeni majina yenu, hesabuni mbuzi, changeni fedha, kisha mtumeni mtu mmoja kwenda kumwita mchanjaji kwa siku mliyopatana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa tatu atasema kwa kukata tamaa: «Ajali haina kinga.» Ndugu, kwa ajali nyingi methali hii ni kweli, nasi tumeyaona mengi katika nchi hii yasiyokuwa na kinga. Hii inayo. Ndiyo maana haifai kuiita ajali. Kifo cha mbuzi ambaye angeweza kuchanjwa ni deni tulilokataa kulilipa lilipokuwa dogo.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mbuzi aliyeambukizwa sotoka hukaa siku ngapi kabla ya kuonyesha homa?

2. Tajeni dalili tatu za sotoka ambazo hufanana na zile za surua.

3. Kwa nini ni hatari kumwuza mbuzi anayeonekana mzima, kama zizi lake lina ugonjwa?

4. Sotoka ya ng'ombe ilirudi kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kosa lilikuwa nini?

5. Hesabuni mbuzi na kondoo wote wa nyumba kumi za jirani zenu. Ni wangapi waliochanjwa? Mpelekeeni mwalimu hesabu hiyo, kisha mkubwa wa kijiji.

Swali la tano ndilo tunalolipenda zaidi, kwa maana jibu lake halimo katika ukurasa huu. Limo kijijini kwenu.

Juma lijalo tutasema habari ya kibanda cha mbuzi: jinsi ya kukiinua juu ya ardhi ili kinyesi kianguke chini na miguu ibaki mikavu. Mpaka hapo, kaeni salama, na mbuzi wenu pia.